Kioo cha dirisha kikipasuka, tusikiache kiendelee kudai

Juma hili tumeonelea tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa macho ni dogo, na kwa udogo wake huo ndipo linapopata nafasi ya kutudhuru: kioo cha dirisha kilichopasuka nyumbani. Hatuandiki kama mafundi. Tunaandika kama wenye nyumba tuliolipuuza jambo hili kwa muda wa miezi minne, tukaonywa kwa hofu kubwa, kisha tukakaa chini na kujifunza kwa mikono yetu wenyewe.

Kioo chenyewe kilipasuka alasiri moja ya mwezi wa Desemba. Watoto wa mtaa walikuwa wakicheza mpira nyuma ya nyumba yetu, na kijana wa jirani yetu, mwenye umri wa miaka 12, akapiga shuti lililogonga dirisha la chumba cha watoto. Kioo hakikuanguka. Kilipata ufa mmoja tu, kutoka pembe ya chini hadi karibu na katikati. Kabla ya Magharibi, baba yake alikwisha fika barazani kwetu akiwa amemshika kijana mkono.

"Jirani, huyu ndiye aliyefanya," alituambia. "Tutajie gharama yake, tulipe."

Nasi tukamjibu kama waungwana wanavyojibiana: "Hapana, jirani. Huyu ni mwanetu sote. Yamekwisha, wala usiyataje tena."

Tulisema yamekwisha, lakini dirisha hatukulitengeneza. Tulibandika selotepu ya kahawia juu ya ufa, tukajiahidi kuwa mwisho wa mwezi tutamwita fundi. Mwisho wa mwezi ukaja na karo, ukaja mwingine na kodi ya maji, ukaja mwingine na safari ya msiba. Sisi tulikuwa tukisubiri, lakini ufa haukusubiri. Kila juma ulisogea kidogo, mpaka ukaugusa ukingo wa juu.

Usiku mmoja wa mwanzo wa Aprili, masika yalipoanza kwa ngurumo na upepo, tulisikia kishindo chumbani kwa watoto. Binti yetu wa miaka sita alikuwa ameiogopa radi na kuhamia kitandani kwa bibi yake, alhamdulillahi. Tulipowasha taa tulikiona kigae kirefu, mfano wa kisu cha kuchinjia, kimechana chandarua na kusimama wima kwenye godoro lake, kando ya mto. Hatukulala tena usiku ule.

Asubuhi jirani yetu alikuja kutupa pole. Alisimama mbele ya lile dirisha tupu kwa muda mrefu, wala hakuweza kututazama usoni. Hapo ndipo tulipotambua kosa letu la pili, ambalo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Kwa miezi minne, kila alipopita kwenda kazini aliiona ile selotepu ya kahawia. Na yule kijana, ambaye zamani alikuwa akiingia uani kwetu bila ya kubisha, alikuwa ameacha kuja. Tukadhani ni haya za mtoto anayekua. Ulimi wetu uliwasamehe, lakini dirisha letu likaendelea kuwadai kila siku.

Ndiyo maana tunaandika. Kioo kilichopasuka ni hatari kwa walio ndani, na wakati mwingine ni shutuma kwa walio nje. Kukitengeneza kunayaondoa yote mawili.

Kwa nini ufa haukai mahali pamoja

Wazee wetu wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hawakuhangaika na jambo hili. Madirisha yao yalikuwa ya milango ya mbao na nondo, na upepo ulipita kwa idhini ya mwenye nyumba. Kioo bapa kilikuwa kitu cha gharama. Kilirahisika zaidi baada ya Alastair Pilkington wa Uingereza, katika miaka ya 1950, kubuni njia ya kuielea kioo iliyoyeyuka juu ya bati lililoyeyuka, ikatoka laini pande zote mbili bila ya kusuguliwa. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1959, na vioo vingi vya madirisha tunavyonunua leo vimetengenezwa kwa asili hiyo.

Kioo kina nguvu sana kikibanwa, lakini ni dhaifu kikivutwa au kupindwa. Hakina nyuzi kama mbao wala hakinyumbuki kama bati. Kikishapata ufa, nguvu zote za kukivuta hukusanyika kwenye ncha ya ule ufa. Jua la mchana hukitanua, mvua ya ghafla hukipoza, mlango ukibamizwa hutikisika, na kila mara ncha ile husogea mbele kidogo. Mfupa uliovunjika huunga wenyewe ukitulizwa, kioo hakiungi. Kwa hiyo mwenye kusema "tuuangalie kwanza kama utaendelea" amekwisha jibiwa.

Zaidi ya hatari ya kukatwa, tundu la dirisha ni njia ya mbu usiku, ni njia ya mvua inayoozesha fremu na kuharibu ukuta, na ni upungufu wa sitara ya nyumba. Gazeti lililobandikwa juu ya tundu hupeperuka saa ile ile ambayo familia isingependa kuonekana.

Upi hutibika, upi hubadilishwa

Si kila dosari yadai kioo kipya. Mkwaruzo mwepesi usioshika ukucha hauna hatari yoyote. Kidonda kidogo kilichotokana na kijiwe, au ufa mfupi ambao haujafika ukingoni, waweza kuzuiwa usipitishe maji na uchafu kwa kutumia gundi angavu ya kuchanganya sehemu mbili. Safisha pahala hapo kwa spiriti, acha pakauke kabisa, pakaza gundi kwa njiti ipenye ndani ya ufa, na baada ya kukauka punguza iliyozidi kwa wembe ulioshikwa kwa uangalifu. Usiku kukiwa hakuna duka lililo wazi, hata rangi ya kucha isiyo na rangi yaweza kusaidia kwa siku chache.

Lakini tusijidanganye. Hiyo ni subira, si tiba. Wapo wanaosema kwamba kioo cha mbele cha gari hujazwa dawa kikapona, basi na cha nyumba vilevile. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati. Kikipasuka, utando huo hukishikilia. Kioo cha kawaida cha dirisha ni kimoja tu, hakina kinachokishikilia. Ufa mrefu, ufa uliofika ukingoni, nyufa mbili zinazokutana, au kipande kinachocheza kikiguswa: hivi vyote dawa yake ni kubadilisha.

Wakati mkisubiri kioo kipya, bandikeni selotepu pana pande zote mbili za kioo, ndani na nje, si upande mmoja tu kama tulivyofanya sisi. Hamisheni vitanda na mikeka ya watoto mbali na dirisha hilo siku hiyo hiyo. Hamkani hiyo ya dakika kumi haina gharama, nasi tuliiacha kwa miezi minne.

Kwanza ulijue dirisha lako

Majumba yetu mengi yana madirisha ya namna tatu: ya luva, ya fremu ya mbao au chuma yenye puti, na ya aluminiamu.

Luva ndiyo nyepesi kuliko zote. Kila ubao wa kioo umeshikwa na vishikizi viwili, kushoto na kulia. Fungua luva zikae bapa, nyanyua kwa koleo ulimi mdogo ulio mwishoni mwa kishikizi, kisha uvute ubao nje taratibu. Ulimi huo usipindwe mara nyingi, kwa maana hukatika. Unapokwenda dukani, chukua luva nzima moja iwe kipimo, ili urefu, upana na unene vilingane. Luva nyembamba kuliko kishikizi itacheza, na nene haitaingia. Hakikisha kingo zake zimesuguliwa, zisikate mkono wa anayefuta vumbi. Ukishaingiza, rudisha ulimi mahali pake barabara. Na kwa kuwa luva ni rahisi kuchomolewa hata na mtu aliye nje, dirisha la luva lisikose nondo.

Dirisha la aluminiamu, hasa lile la kuteleza, kioo chake hushikwa na mpira ndani ya fremu, na fremu yenyewe ni nzito. Hili tunashauri aitwe fundi wa aluminiamu. Kama ni kioo kigumu cha usalama, kile ambacho kikivunjika hugeuka punje ndogo butu badala ya visu, fahamuni kuwa hakikatiki tena kikishatengenezwa; huagizwa kwa kipimo kamili. Kioo cha namna hiyo, au kile cha vioo viwili vyenye utando katikati, ndicho kinachofaa kwa milango na madirisha yaliyo chini, mahali ambapo mtoto anayekimbia aweza kujigonga.

Dirisha la puti, hatua kwa hatua

Dirisha letu lilikuwa la fremu ya mbao. Tuliomba ushauri kwa fundi wa vioo aliye karibu na soko, mtu mzima mwenye vidole vilivyojaa makovu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Shekhe, kioo hakina urafiki. Vaa glavu kabla hujakikaribia, wala usiseme ni kazi ya dakika moja."

Kwa hiyo, vaeni glavu nene, viatu vilivyofunika vidole na miwani ya kukinga macho. Tandikeni shuka kuukuu ndani na nje ya dirisha, na watoto waondoke kabisa mahali hapo. Bandikeni selotepu juu ya kioo kilichosalia ili kisitawanyike. Vigae vilegee na kutolewa kuanzia juu kushuka chini, maana ukianza chini, vya juu vitakuangukia mikononi.

Kisha ng'oeni puti ya zamani kwa patasi na nyundo, polepole, pamoja na vijisumari vilivyokishika kioo. Nyumba ikiwa ya zamani, rangi ya fremu yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake lina madhara makubwa kwa watoto. Lowesheni kwanza kwa maji, msisugue kwa msasa mkavu, na futeni uchafu wote kwa kitambaa kibichi. Mfereji wa fremu ukishakuwa safi na mkavu, pakeni rangi ya msingi. Wengi huiruka hatua hii. Mbao kavu isiyopakwa hufyonza mafuta ya puti, puti ikakauka na kupasuka mapema. Kwa fremu ya chuma, ondoeni kutu, pakeni rangi ya kuzuia kutu, na nunueni puti iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma.

Sasa upimaji. Pimeni upana ndani ya mfereji mahali patatu: juu, katikati na chini. Vivyo hivyo kwa urefu. Chukueni kipimo kidogo kuliko vyote, kisha punguzeni milimita 3. Kwa mfano, mkipata milimita 502, 500 na 501, kioo kikatwe kwa milimita 497. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayokiacha kioo kitanuke kwa jua na fremu ivimbe kwa mvua bila ya kukibana kikapasuka tena. Pimeni pia kutoka pembe hadi pembe. Vipimo viwili vya mshazari visipolingana, fremu imepinda, na ni bora kukata boksi gumu lienee ndani ya mfereji, kisha mkampelekea mkata kioo liwe ruwaza. Kwa dirisha la kawaida la chumba, unene wa milimita 4 watosha. Dirisha kubwa lahitaji zaidi, na mwenye duka aulizwe.

Puti ya asili ni unga wa chokaa uliokandwa kwa mafuta ya kitani. Ikandeni mkononi kama donge la chapati mpaka ilainike isigande vidoleni. Tandazeni tabaka jembamba la kama milimita 3 kuzunguka mfereji wote, kisha wekeni kioo, ukingo wa chini ukitangulia. Kibonyezeni kwa kingo zake tu. Anayebonyeza katikati hukivunja kioo kipya kabla hakijalipiwa fadhila. Pigilieni vijisumari vyembamba kwenye mbao kila baada ya kama sentimita 20, nyundo ikitelezeshwa sambamba na kioo, wala isinyanyuliwe juu yake. Kisha jazeni puti ya nje na kuikata mshazari kwa kisu, ili maji ya mvua yateremke yasitwame.

Mwisho ni subira. Puti huhitaji siku 7 hadi 14 kufanya ngozi ya juu kabla ya kupakwa rangi. Someni maelezo ya kopo lenu. Rangi ipande juu ya kioo kwa milimita 2 hivi, iwe kizuizi cha maji. Na katika siku hizo za kungoja, dirisha lisibamizwe.

Vigae ni amana

Kazi haimaliziki kioo kinapokaa. Vigae visitupwe ovyo katika mfuko wa nailoni, kwa maana mkono utakaofuata ni wa mtu anayezoa taka ili alishe watoto wake, na huenda hana glavu. Vifungeni kwa magazeti mengi, vitieni ndani ya boksi gumu, lifungeni na kuandika kwa herufi kubwa: VIOO. Kisha mwambieni kwa mdomo pia, kwani huenda hakuliona andiko.

Chengachenga zilizobaki sakafuni hazionekani kwa taa ya juu. Zimeni taa, wekeni tochi chini kabisa sakafuni, nanyi mtaziona zikimetameta. Zifuteni kwa karatasi mbichi au donge la mkate, si kwa kiganja. Mtandiko na mikeka vikung'utwe nje kabla mtu hajaketi.

Mtu akikatwa, bandikeni kitambaa safi na kubana kwa nguvu, mkono ukiwa umeinuliwa. Lakini kigae kikiwa kimezama ndani ya nyama, msikichomoe. Baneni pembeni yake na kumpeleka hospitali. Kikiingia jichoni, asisugue kabisa, apelekwe mara moja.

Na yapo ya kumwachia fundi bila ya kuona haya: dirisha la ghorofani, kioo ambacho mtu mmoja hawezi kukishika kwa mikono miwili, na fremu iliyooza. Kuokoa ujira wa fundi na kulipia bili ya hospitali si uchumi.

Deni lililokuwa limebaki

Siku ya kazi tulibisha mlango wa jirani yetu. Hatukwenda kudai fedha. Tulimwambia, "Tunaomba utuazime kijana wako. Tunahitaji mtu wa kutushikia futi." Alitutazama, kisha akamwita mwanawe bila ya kusema neno.

Kijana alikuja akiwa ameinamisha kichwa. Alivaa glavu zilizomzidi, akasimama mbali mpaka vigae vilipokwisha kutolewa. Alishika futi, akasoma vipimo vitatu na kuandika kwenye boksi. Alikanda puti kwa bidii kuliko sisi. Kioo kilipokaa, alirudi nyuma hatua mbili, akakitazama.

"Baba," alituuliza kwa sauti ndogo, "sasa limekwisha?"

Tulitambua kwamba hakuwa akiuliza habari za dirisha. Tukamjibu, "Sasa limekwisha, mwanangu. Na kuchelewa kulikuwa kwetu, si kwako." Alitabasamu, akaomba kubaki na kipande cha puti kilichosalia, tukampa.

Jioni ile baba yake alituletea sahani ya visheti, akaketi barazani mpaka Isha kama alivyozoea zamani. Juma lililofuata, mpira ulichezwa tena nyuma ya nyumba, ila safari hii tulikaa na watoto, tukaligeuza goli lielekee ukuta usio na dirisha. Hilo nalo tulipaswa kulifanya tangu zamani.

Basi, ndugu msomaji, ukimaliza kusoma safu hii inuka uyazunguke madirisha yako. Kama kuna ufa, usingoje mwisho wa mwezi. Na kama yupo mtu uliyemwambia yamekwisha, hakikisha kuwa na dirisha lako limemwambia hivyo hivyo.

Tukutane juma lijalo, Insha-Allah. Wabillahi tawfiq.